Jora la Mia

Alikuja mwezi wa tatu, upepo ukimvuta kola,
akatandaza ramani kwenye boneti ya pikapu yangu
na kuibana kwa mawe manne. Mawe yangu.
"Fundi Go, hapa wageni watashuka basi,
watakata tiketi, watakunywa chai ya chenza,
halafu watapanda kilima."
Nikatazama. Paa lote matundu.
Mvua ya Jeju haipigi hodi, nikamwambia.
Msanifu Hyeon hakujibu. Aliuliza kama mama yangu yu hai.

Mama ndiyo kwanza ametoka kuzamia,
pumzi bado inampiga mluzi kifuani,
anachambua konokono wa bahari, wadogo anawarudisha majini.
Hakuinua uso. Alisimulia kama mtu anayedai deni:
Bibi Seolmundae, jitu, ndiye aliyekiumba kisiwa;
akilala, kichwa mlimani Halla, miguu inachezea mawimbi.
Udongo aliubeba kwa sketi, na sketi imechakaa.
Kila palipotoboka pakamwagika kilima.
"Mia tatu na ushei. Hesabu ukipenda.
Hata jitu, akiwa maskini, nguo humwaibisha."

Kisha daraja. Aliahidi kuwajengea watu daraja hadi bara,
nao wamshonee shumizi, majora mia ya hariri.
Kisiwa kikafuma, kikakopa, kikafumua hata nguo za harusi.
Yakapatikana tisini na tisa.
Bibi akakung'uta mikono,
akayaacha mawe yamenyoosha shingo baharini.
Msanifu aliandika yote,
mpaka kikohozi cha mama akakiandika.

Sisi hatuweki saruji. Jiwe juu ya jiwe,
na kati ya jiwe na jiwe, jicho.
Upepo ukipata jicho hupita zake;
ukiuzibia, unarudi usiku na nduguze.
Jiwe lenyewe lilitoboka lingali moto,
likaganda kinywa wazi
kama aliyetaka kuita jina akalisahau.
Mikono yangu inalijua kuliko inavyomjua mke wangu.
Hayo maneno ni yake, si yangu.

Nguzo zilikuwa tisini na tisa.
Akaja mjumbe wa kamati, viatu vinang'aa,
akahesabu kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena.
"Ongezeni moja. Mia inakaa vizuri kwenye ripoti."
Na matundu yazibwe, bima haitakubali.
Hyeon alibishana mwezi mzima.
Katika arobaini aliokoa saba,
mengine yakavikwa vioo, nami sikumlaumu.
Lakini ile nguzo ya mia
alinionyesha mahali pake, akasema: "Chimba msingi. Basi."
Nikachimba.

Siku ya ufunguzi mvua iliingia kwa milango yake saba,
ikafukua kasoko ndogondogo, upana wa kisahani,
katika changarawe nyekundu ya sakafu.
Watoto wakachutama kuzizunguka, kilima wakakisahau.
Mama alikuja kwa tiketi ya bure.
Akalalamikia baridi, akalalamikia bei ya chai,
akauliza choo kiko wapi.
Tuliporudi akasimama penye shimo la mia
akilitazama kama anavyotazama maji kabla ya kuzama.
"Wangelipata hilo moja," alisema,
"Gi-tae angekuja kwa miguu."

Ndugu yangu yuko Busan mwaka wa kumi na tisa huu.
Kwa ndege ni saa moja tu.
Sikumwambia.
Shimo lilikuwa na maji hadi nusu.
Kesho nitaleta ndoo, nikasema.
"Liache."
Na upepo ukapita ukutani, kati yake na mimi,
ukijichagulia matundu.